Moshi Niliouwasha Mwenyewe

Hasira yangu ya leo sina pa kuipeleka, maana mkosaji ni mimi.

Mama yangu mishipa ya moyo ilikuwa imeziba. Daktari wa Nairobi alisema apasuliwe kifua, mshipa utolewe mguuni upandikizwe moyoni, damu ipate njia. Tatizo ni mapafu. "Anavuta sigara?" akaniuliza. Nikamjibu kwa ukali: mwanamke wa Garissa, sigara ya wapi! Kumbe moshi ameuvuta maisha yake yote, akifukiza vibuyu vya maziwa ya ngamia, na kila jioni akifukiza nyumba kwa uunsi, ubani wetu Wasomali. Tukapewa dawa ya kuvuta na mwezi mmoja bila moshi wowote. Baada ya hapo angepuliza kwenye kipimo. Akifaulu, anapasuliwa.

Mwezi mzima niligombana na mtaa. Jirani akiwasha jiko la makaa, niko mlangoni kwake. Mama akinicheka, "Mwanangu, ungekuwa polisi ungetajirika." Lakini wallahi alipata nafuu. Alitembea hadi getini na kurudi bila kutua.

Siku moja kabla ya safari, wanawake wakaja kumwombea dua. Wageni wamejaa, na nyumba yetu inanuka dawa. Nikaona aibu, sijui shetani gani alinipanda. Nikawasha chetezo cha uunsi, kidogo tu, chumba cha pili, mlango nimefunga. Mama akanusa, akatabasamu. "Sasa ndiyo nyumba," akasema.

Alfajiri kifua cha mama kilikuwa kinapiga filimbi. Nairobi alipuliza mara tatu, na mara tatu daktari akatikisa kichwa.

"Kulikuwa na moshi wowote? Niambieni ukweli. Kama ulikuwepo, nitampa wiki mbili apulize tena. Kama haukuwepo, basi mapafu yamechoka kabisa, na nikimpasua ataishia kwenye mashine ya kupumulia."

Mama akanitangulia kujibu. Alinishika mkono, akahema kwanza.

"Hakuna moshi, daktari. Huyu binti yangu amenilinda, hata majirani wanamwogopa."

Daktari akanitazama, akingoja na mimi niseme. Ya Rabi! Nilijua neno moja tu lingempa mama wiki mbili. Lakini aliponisifu mbele ya mtu vile, mimi mwenye mdomo wa kugombeza mtaa mzima, nikainamisha kichwa nikanyamaza, na daktari akafunga faili.