Ng'ombe Aliyeogopa Pipa

Wakio wa Werugha aliachia shule kidato cha pili, lakini maswali hayakumwacha. Ukiwasha redio atakuuliza sauti imepitia wapi. Mumewe, Crispus, hutania kwamba mke wake akiitwa mbinguni, atataka kwanza kujua ngazi imeegemezwa wapi. Basi ng'ombe wao Tausi alipogoma kunywa maji, Crispus alitafuta mnunuzi, Wakio akatafuta sababu.

Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita kumi na mbili hadi nne. Tausi akifikishwa kwenye pipa la chuma bandani, anagusa maji kwa mdomo, anaruka nyuma. Crispus alimchapa fimbo, wapi! Majirani wakasema ana kichaa. Dalali angekuja Jumamosi, na dalali yule hununulia kichinjio tu. Wakio alikuwa amemlea Tausi tangu ndama, na hilo lilimuuma kuliko maziwa.

Ijumaa alishinda bandani akiangalia. Mchana, saa ambayo kwa kawaida hanyweshwi, Tausi alikunywa bila wasiwasi. Jioni, taa ya banda ilipowashwa, akagoma. Wakio akaizima. Tausi akanywa. Akaiwasha tena, Tausi akaruka.

"Hee!" Wakio alisema, furaha imemjaa. Lakini mbona yeye hushika pipa hilo kila alfajiri, taa ikiwaka, na hasikii chochote? Akajitazama miguuni: gambuti, viatu vyake virefu vya mpira. Akazivua, akasimama kwenye simiti iliyolowa, akagusa chuma kwa mgongo wa kidole. Mkono mzima ukawaka moto, na akajikuta ameketi kwenye samadi.

Kesho yake asubuhi alikuja Reuben, fundi wa stima, naye hakumficha hasira. "Mama, hiyo si kitu ya kujaribu! Sai tungekuwa tunapanga mazishi." Akamwonyesha waya wa taa uliotafunwa na panya, ukiwa umeegemea nguzo ya chuma. Pipa lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo hiyo hiyo.

"Nimesikia, mwanangu. Sasa nieleze, hicho kilichonipiga ni nini?"

Reuben alicheka, akaokota kipande cha waya. "Hii shaba ni atomu tupu, vitu vidogo hata jicho haliwezi kuona. Kila atomu iko na kiini katikati, na elektroni zinazunguka nje. Kwa shaba, elektroni ya nje kabisa haijashikwa sana. Ukiisukuma inahama, inasukuma ya jirani, nayo inahama. Huko kuhama ndiko stima."

"Na gambuti?"

"Mpira umeshikilia elektroni zake, haziendi popote. Lakini simiti yenye maji inapitisha stima. Na Tausi hana gambuti."

"Sasa huko mwanzo wa waya, nani anazisukuma?"

"Mama, wacha nifunge waya kwanza!"

Alibadilisha waya wote, akachimbia mwingine ardhini ili stima ikivuja tena ipite huko. Taa ikawashwa. Tausi alinusa maji, akarudi hatua moja, akasogea, kisha akanywa mpaka pipa likabaki nusu. Wakio alimshika shingo na machozi yakamtoka.

Dalali alipiga hodi langoni, kamba mkononi. Crispus ndiye aliyemwendea.

"Rudi tu, kaka. Hauzwi."

"Si ulisema ako na kichaa?"

Crispus aligeuka kumtazama Tausi. "Alikuwa anatuambia siku zote hizo," alisema. "Mimi nikamchapa."