Mfereji Jikoni kwa Jirani

Mtu akiniambia hana wivu, namwacha aendelee kudanganya. Mimi ninao, na jirani yangu wa mtaa wa Bahati alipowekewa mfereji wa maji ndani ya jikoni, wivu huo ulinikaba hadi chakula kikakataa kushuka.

Sote tulikuwa tunachota kwenye mfereji mmoja mwishoni mwa safu ya nyumba za kupanga za kanseli ya jiji, kila mtu na debe lake. Ghafla yeye akaacha kupanga foleni. Asubuhi nikijitwika debe, namsikia ng'ambo ya ukuta akijaza sufuria huku akiimba wimbo wa kanisani. Kwa nini lakini aimbe?

Mume wake alikuwa kontrakta mdogo, na serikali ilikuwa imempa kazi ya kubadilisha mabomba ya maji yaliyooza upande wa Barabara ya Kangundo. Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva wa lori lake. Yaani unga wangu ulitoka mkononi mwa mume wake, na hilo nalo lilinichoma.

Jioni moja mume wangu alinieleza, akijiona wakili, kwamba mabomba ya kazi ile yaliingia nchini bila ushuru wala kodi ya mauzo kwa sababu yalikuwa ya serikali. Yalipakwa mkanda wa rangi nyekundu, na hayakuruhusiwa kwenda kwa mtu binafsi. "Ukishikwa nayo, ni kotini," alisema.

Mengine sikuyasikia. Kimawazo nilikuwa nimeshafika jikoni kwa jirani. Bomba la mfereji ule lilitoka wapi kama si kwenye lori?

Wiki hiyo nilivaa nguo za kanisa, nikaenda mjini kwenye ofisi ya kodi, nikamweleza karani yote na chumvi nikaongeza.

Maofisa wawili walikuja Jumamosi, waume zetu wote wakiwa nyumbani. Nilijifanya napepeta mchele mlangoni nisikose kitu. Waliingia kwa jirani, wakapiga magoti chini ya sinki. Jirani mwenyewe akafungua kabati akatoa risiti ya duka: bomba, viungo, mfereji, na kodi imelipwa yote. Kisha akawapa chai. Nilitamani iwaunguze.

Walipokuwa wakitoka, mmoja alisimama uani kwetu, akazitazama nguzo za kamba yangu ya nguo. Alikwangua rangi ya kijani kwa ufunguo. Chini yake kukatokea nyekundu.

"Mama, hizi paipu mmetoa wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa nimeanika nepi kwenye nguzo zile miezi mingi bila hata mara moja kufikiri kwamba ni mabomba. Yeye alikuwa ameona vipande vimebaki kwenye lori, akaona afadhali avipake kijani avifanye nguzo kuliko kuvitupa. Niliona kazi imekwenda, nyumba imekwenda, watoto wamerudi Ukambani kwa mama yangu. Na aliyewaita watu wale ni mimi.

Jirani alimnong'oneza mumewe. Mumewe akavuka uani, akasema, "Ni mimi nilimpea. Hii makosa ni yangu. Andikeni jina yangu."

Hakuwa amempa chochote. Lakini kodi na faini alilipa yeye, jina lake likapata doa katika ofisi ile, na Jumatatu mume wangu akaendesha lori kama kawaida.

Jioni ile ya Jumamosi mwanamke yule aliniita jikoni kwake, akanijazia debe. "Leo usiende foleni, mama. Pole sana." Hakuuliza ni nani aliyewaita.

Nilisema asante, nikabeba debe langu. Nilipofika ndani nililia, mume wangu akanibembeleza akidhani ni hofu. Haikuwa hofu. Sasa nilikuwa nauonea wivu hata moyo wa jirani, na moyo kama huo mume wangu hangeweza kuniletea kwa lori.