Mlenda wa Kaka Yangu Profesa

Ndugu wasomaji, mimi ni mjinga, na ujinga wangu ulinukia karanga. Nilichukua kazi ya kaka yangu nikaitia magadi, nikaikoroga, nikaila na ugali!

Kaka ni profesa wa biokemia hapa Dodoma, na alikuwa mhariri wa jarida la wanasayansi. Mkewe alipofariki nilihamia kwake Nzuguni kumtunzia nyumba. Mimi ni mtu wa ndani. Kufika getini kwangu ni safari. Kidato cha nne nilimaliza, kemia nikapata F. Ile F imenifuata mpaka jikoni.

Kaka alikuwa akichunguza mlenda wa porini, majani aliyoanikiwa na shangazi yetu kabla hajafa. Bonde alikochuma sasa limejaa nyumba, majani hayapo tena. Pakiti hizo kaka aliziweka kwenye kabati la jikoni, maana ndiko kukavu, kila moja na kikaratasi cha tarakimu. Nilidhani ni namba za simu za wauzaji!

Kiangazi, mboga hakuna, jirani yetu Mama Neema akaja kunijulia hali. Mgogo gani anamwachia mgeni aondoke bila ugali? Nikazifungua pakiti zote, nikapika.

Kaka naye akarudi, akanawa, akaketi nasi. "Leo umenikumbusha shangazi," akasema, akalamba vidole. Jamani! Alikuwa anakula utafiti wake!

Baadaye waliokuwa wakiikagua makala yake wakamtaka arudie vipimo. Akafungua kabati.

"Mdogo wangu, pakiti zangu ziko wapi?"

"Panya, kaka."

Lilitoka lenyewe. Ningesema kweli, tungelia kidogo, pengine tungecheka. Nikasema panya!

Na kaka yangu mnamjua? Hammjui. Miaka yote ya uhariri aliwaambia wenzake: huna sampuli, huna makala. Aliwarudishia wadogo, akawarudishia na wakubwa, wakamnunia. Sasa akajirudishia mwenyewe. Makala akaiondoa, kisha akauachia na uhariri. "Nitawahukumuje watu," alisema, "na mimi nimelisha panya kazi yangu?" Ndiyo kazi aliyotaka kustaafu nayo.

Kilichonimaliza ni kwamba aliniomba msamaha. Mimi! "Kosa langu, mdogo wangu. Nilileta mambo ya maabara jikoni kwako." Nikapokea. Nikajibu, "Haina neno, kaka." Hivi kuna mtu ana moyo mgumu kama wangu?

Siku hizi anakaa barazani, mikono magotini, hasomi makala ya mtu. Kazi iliyobaki ni mitego. Amenunua mitego ya panya, anaitegea kwa dagaa, na kila asubuhi anainama kuikagua na kiuno chake kile kibovu. Mitupu. Namtazama kutoka dirishani, huku nikimchemshia chai.

Wenzangu, ukiharibu cha mtu, sema sahani zikiwa bado mezani. Ukishaziosha, ulimi unakuwa mzito kuliko jiwe la kusagia.

Jana nilivuka geti, ndiyo, mimi! Nikaenda kwa Mama Neema kutafuta pole. Nikamweleza yote, nikalia mpaka kanga ikalowa. Alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini, akanitazama.

"Usinililie mimi. Kaka yako anahangaika na mitego, na panya mwenyewe ndiye anayempikia chai."