Barua Aliyoichapa Mukeshimana

Mukeshimana alizaliwa Bukavu, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo hajaishi mbali na daraja la Rusizi ya Pili, linalovuka kwenda Kongo. Kazi yake ni kuwachapia watu barua kwa kompyuta, ndani ya kibanda cha mbao karibu na mpaka: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, malalamiko kwa wakubwa. Anajua siri za nusu ya mtaa, na mdomo wake ni mzito. Ndiyo maana Ladislas alimwendea yeye.

Ladislas alikuwa katibu wa ushirika wa wachuuzi wanaovusha mboga na maziwa kwenda Bukavu. Alhamisi asubuhi aliingia kibandani, akarudisha mlango nyuma yake.

"Maman, uniandikie barua fupi. Présidente anaacha kazi. Mwili umechoka."

Huyo présidente ni Maman Nyirabagenzi, mjane wa miaka sitini na miwili, aliyeongoza ushirika kwa miaka kumi na mmoja. Wiki tatu nyuma aliteleza na kikapu mteremkoni, akavunjika mguu. Sasa alikuwa kwa dada yake vilimani, katika Butare ya hapo hapo wilayani Rusizi, plasta mpaka gotini.

"Yeye mwenyewe amesema vile?"

"Njo yeye amenituma," akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu. "Kesho iko mukutano, nitabasomea batu. Halafu bataniweka mimi." Akashusha sauti. "Na mimi nikikamata kiti, katibu utakuwa wewe. Ofisi, meza, mlango wa kufunga na funguo."

Ukweli usemwe: Mukeshimana alitamani. Kwa miaka kumi na minne amekula vumbi la malori, na kila mvua ikinyesha anaikimbilia mashine yake na kuifunika kwa nailoni. Vidole vilianza kazi kabla moyo haujakubali. Akachapa mpaka mwisho.

"Chini uache nafasi," Ladislas akasema. "Ataweka dole gumba."

Vidole vikasimama. Maman Nyirabagenzi alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, katika darasa la watu wazima pale kanisani, na tangu siku hiyo hajakubali kuweka dole gumba mahali popote. Huandika jina lake lote, herufi moja moja, hata kama foleni nzima inanung'unika nyuma yake. Mukeshimana mwenyewe alikuwa amemsubiri hivyo mara nyingi.

Alitoa karatasi kwenye printa, akampa, akangoja hatua zake zipotee. Kisha akampigia Maman simu. Haikupatikana. Akavuka barabara mpaka kwa Josiane, muuza karoti.

"Simu ya Maman? Ladislas aliichukua juma lililopita alipokwenda kumwona," Josiane akasema. "Alisema anaipeleka kwa fundi."

Kumbe haukuwa uongo wa asubuhi moja. Ulikuwa umepikwa taratibu, na Mukeshimana ndiye aliyeutia chumvi.

Akafunga kibanda, akapanda pikipiki mpaka barabara ilipoishia, akamalizia kilima kwa miguu. Alimkuta Maman amekaa mkekani, anachambua maharage. Akamweleza yote bila kuficha, hata ile tamaa ya ofisi.

Maman alitupa kokoto aliyoikuta kwenye maharage.

"Unaogopa?"

"Sana, Maman."

"Mimi pia. Yule nilimuhesabu mutoto wangu." Akausogeza ungo kando. "Kesho batanibeba."

Na kweli walimbeba. Wanaume wanne wa jirani walimweka kwenye ingobyi, machela ya vilimani ya kubebea wagonjwa, wakamshusha mpaka barabarani, na kutoka pale gari la kubeba ndizi likamfikisha mkutanoni. Ladislas alikuwa amesimama mbele ya watu, anasoma: "...kwa hiari yangu mwenyewe..."

"Endelea, mwanangu," sauti ikatoka mlangoni. "Na mimi nataka kusikia nilisema nini."

Mukeshimana, aliyeketi kati ya wachuuzi, akasimama.

"Ile barua, njo mimi niliiandika. Aliniahidi ofisi, na mimi nilitaka."

Minong'ono ikapanda. Maman akainua mkono.

"Amekuja kuniambia yeye mwenyewe, kilima amepanda kwa miguu. Mumuache." Akamgeukia Ladislas. "Na wewe, kwa nini haukuniomba?"

Ladislas akasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba kwa miaka tisa alikuwa anaandika maneno ya wengine, na hakuna aliyewahi kumuuliza lake. Wengine walimwonea huruma, wengine wakasonya. Ila mikono ilipoinuliwa, ukatibu ulimtoka. Akaweka muhuri mezani na simu ya Maman, nzima, haina hata ufa, akatoka.

Hapo ndipo mtu mmoja akaicheka ile simu ya fundi, cheko likasambaa, na mabega ya Mukeshimana yakashuka. Hakuna aliyemtajia ofisi tena, naye hakuuliza. Josiane alimvuta mkono mpaka mgahawa wa jirani, wakaagiza ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sahani ilipowekwa mbele yake ndipo alipogundua kwamba tangu jana asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Alikula mpaka samaki wa mwisho, akaomba nyingine.