Zamu ya Mama Kazadi

Mtu akikulipa kwa kitu kisichokuwepo, akaondoka akikushukuru, umemwibia au umemtuliza? Swali hilo lilininyima usingizi msimu mzima wa mvua. Nililigeuza kila upande, hadi nikaanza kushuku kwamba kuligeuza kwenyewe kulikuwa njia ya kutolijibu.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, nyuma ya soko la samaki, bosi alinikalisha kwenye kiti cha pili. Viti vilikuwa viwili tu, lakini alitaka aitwe Mkurugenzi. Kazi yetu ilikuwa kuwatayarishia wenye nyumba za kupangisha hesabu za kodi ya mapato, nao wakitulipa ada kila mwaka.

"Ardhi haizeeki," alinifundisha. "Nyumba inazeeka. Thamani inayopotea kila mwaka ndiyo uchakavu. Tunautoa kwenye pango kwanza, kodi inakatwa kwenye kinachobaki. Umeelewa, mwenye digrii?"

Nilielewa, chuoni tulifundishwa vivyo hivyo. Nikawapigia hesabu wateja wa hadi Mununga, nikihangaika kama ukuta wa tofali bichi unazeeka sawa na wa tofali la kuchoma. Ninyi mnaotoka chuo sasa, someni sheria kwanza. Mimi niliisoma nikiwa nimechelewa, nikakuta kwamba kwa wenye nyumba kama hao kodi inakatwa kwenye pango lote, bila kutoa gharama yoyote. Uchakavu hauna pa kuingia.

Nilipomwambia Mkurugenzi, hakushtuka hata kidogo.

"Unafikiri wanalipia sheria? Wanalipia usingizi. Kunywa chai, kijana."

Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi.

Mama Kazadi alivuka zamani kutoka Kongo, akaolewa hapa, akafiwa na mume. Vyumba vyake vya kupangisha alivijenga kwa kuuza chisense, dagaa wetu wa Mweru. Mvua zilipozidi, ziwa lilipanda, ukuta wa upande wa maji ukaanguka na wapangaji wakahama. Akaja ofisini amevaa kitenge cha kanisani.

"Patron, nimekuya kukamata zamu yangu."

"Zamu gani, Mama?"

"Ya uchakavu! Kila mwaka munaniambia nyumba imepoteza kidogo, munaandika, mi nalipa. Sasa imeanguka yote. Si ni kama chilimba? Batu bote banaweka, siku yako ikifika unakamata."

Sikuwahi kufikiria hilo, mimi ninayefikiria kila kitu. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi la wateja akamtania: "Mama, ukikamata, utukumbuke na sisi!" Lakini hakuna aliyecheka. Benchi zima lilimtazama Mkurugenzi. Nao walikuwa wakingoja zamu zao.

Mkurugenzi akatabasamu. "Mwaka ujao, Mama. Haijakomaa. Kijana wangu atakuandikia." Akanisukumia kalamu.

Wengine huandika kumbukumbu za kazi wakiwa na mvi na kiinua mgongo. Mimi nilistaafu asubuhi ile, sina hata kimoja. Kalamu niliiacha mezani.

"Mama," nikasema, "hakuna kilichowekwa. Hakuna zamu. Ulicholipa kimeliwa humu ndani, na mimi nimekula."

Alinitazama kama mtu anayesikia ukuta ukianguka mara ya pili. Nikaligeukia benchi. Nikayasema yote tena kwa Kibemba, lugha ya hapa, polepole, ili asibaki hata mmoja wa kuambiwa mwaka ujao.