Mkata vito wa Kilosa na njia ya mwanga ndani ya fuwele

Asubuhi na mapema, wakazi wa Magomeni mjini Kilosa wakiwa bado wanapiga mswaki, sahani ya kung'arishia mawe tayari inazunguka kwenye kibaraza cha Fausta Danieli. Ameinama, vidole vimelowa, akishikilia kijiti chenye jiwe dogo kama kidonge.

"Dada Fausta, bado unasugua vipande vya chupa?" anamtania jirani yake, Mudathir, akifungua duka lake la vyombo.

"Kasugue sufuria zako," anajibu bila kuinua macho. "Hiki kina kazi kukuzidi."

Fausta, mwenye umri wa miaka 47, ni mkata vito. Alifundishwa na marehemu mumewe, Donati. Mpaka leo, jiwe likimsumbua, hulihamishia mkono wa kushoto.

"Yeye alikuwa wa kushoto," anasema. "Nikifanya hivyo naona kama tupo wawili."

Kwa miaka mingi amewauzia wenye maduka ya watalii Mikumi. Watalii wakipungua, mwezi mzima unaweza kupita bila oda hata moja.

Mwaka jana alipata mteja wa aina nyingine: Naomi, mtafiti wa fizikia anayezunguka pia na majaribio yake katika shule za sekondari.

Mawe ya Naomi ni fuwele zilizotengenezwa maabara. Mwanga wa leza ukiingia ndani yake, kwanza hutawanyika. Fuwele ikiunganishwa na umeme, mwanga huibadilisha kidogo pale unapopita, kisha hujibana wenyewe na kujichongea njia nyembamba kama uzi. Leza ikizimwa, njia ile hubaki, na mwanga mwingine huweza kupitishwa humo kama maji kwenye bomba.

"Kito unakikata ili mwanga ukurudie machoni," anaeleza Fausta. "Hizi unazing'arisha nyuso mbili, mwanga upite uende zake. Ilinisumbua kuzoea."

Mwezi Juni, Naomi alimletea fuwele ambayo njia yake ilikwisha kuchorwa, lakini uso mmoja ulikuwa na mikwaruzo. Ilihitajika kwa jaribio katika shule moja ya Mikumi. Ikitoka vizuri, Naomi alimwahidi, fuwele zote zilizobaki zingeletwa Kilosa. Isipotoka vizuri, zingerudi kung'arishwa ng'ambo kama zamani.

Fausta aliifanyia kama anavyolifanyia kila jiwe: aliipasha kwenye jiko la mkaa ili nta iishike vizuri kwenye kijiti. Akaing'arisha mpaka akaridhika, akapanda basi kwenda Mikumi.

Darasani, Naomi aliwasha leza. Kwenye karatasi nyeupe ng'ambo ya fuwele likatokea doa pana la kijani, limefifia.

"Mwalimu, si hata tochi inafanya hivyo?" akauliza msichana mmoja, Joyce. Darasa likacheka.

Naomi akageuka. "Mama, uliipasha moto?"

"Niliipasha, mwalimu. Mawe yetu yote tunayapasha. Nta haishiki hivihivi."

Naomi akashika kichwa. "Umeifuta njia yote, mama yangu! Joto ndilo dasta lake. Na kosa ni langu, sikukwambia."

"Nilijua kazi imeshaondoka," anakumbuka Fausta. "Nikawa natafuta mkoba wangu uko wapi nirudi stendi."

Lakini Naomi aliinua fuwele dirishani, akaukagua uso kwa lenzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akaunganisha umeme, akaiacha leza ichore upya, akawaambia wanafunzi watulie.

Doa likaanza kupungua. Likawa kama sarafu, likawa kama punje ya mtama, mwishowe nukta moja kali.

"Limejikusanya lenyewe!" akapiga kelele Joyce. Waliokaa nyuma wakapanda juu ya madawati.

Fausta naye alikuwa amesimama. "Siku zote nilikuwa nang'arisha milango tu," anasema. "Sikuwahi kuona anayepita."

Jioni ile alirudi Kilosa na kikopo cha fuwele zote zilizobaki, pamoja na gundi isiyohitaji moto.

Sasa anadunduliza anunue mota ya pili ya kuzungushia sahani na kufungua karakana Mikumi, karibu na barabara kuu, wapita njia waione kazi.

"Mwalimu amesema hizi zikiisha ataleta nyingine," anasema akipangusa mikono. "Nimemwambia alete, ila aje na leza yake. Ile nukta nataka kuiona tena."