“Mgeni Alikuja?”: Mama wa Nyasubi Anayegeuza Kiporo Kuwa Togwa

KAHAMA — Giza halijaachia vizuri vichochoro vya Nyasubi, lakini Mageni Maige yuko tayari mlangoni kwa jirani, sufuria kichwani, mkono kiunoni.

“Hodi! Mwangaluka, mayu,” anaamkia kwa Kisukuma. “Mgeni alikuja?”

“Hakuja,” inajibu sauti yenye usingizi. “Umekuja wewe. Ngoja nikuletee.”

Mlango unafunguliwa. Mama mmoja anatoka na chungu kidogo kilichofunikwa kwa ungo. Ndani mna bonge la ugali wa njano, halijamegwa hata tonge moja. Mageni analinusa, analigeuza, analitia kwenye sufuria yake, anashukuru na kwenda mlango wa pili. Huko nako swali ni lilelile.

Jina lake ndilo linalowachekesha majirani. Alizaliwa Samuye siku ambayo nyumba yao ilijaa wageni, wazazi wakamwita Mageni. Leo, akiwa mama wa watoto wanne, anaishi kwa kufuata nyayo za wageni wasiofika.

Msomaji wa mbali huenda akashangaa. Hapa Usukumani mwanamke hapiki kwa kupima vinywa vya nyumba yake. Lazima jioni abakize fungu la mgeni, maana mgeni hatoi taarifa kabla ya kufika. Akifika usiku akakuta sufuria tupu, aibu hiyo itazunguka mpaka kwa wakwe. Hata mwaka huu wa foleni, watu wakigombania unga wa njano ambao wameubatiza Yanga, kwa rangi ya jezi za timu hiyo, fungu la mgeni halijafutwa.

“Tatizo wageni wenyewe wamepungua,” anasema Mageni akicheka. “Nani atasafiri na mafuta hakuna? Asubuhi watoto wanaukataa ule ugali, wanasema Yanga ikilala inanuka. Basi anakula mbwa. Mimi roho ikawa inaniuma jamani! Jana umesukumana foleni mpaka kanga imechanika, leo unamlisha mbwa!”

Alichofanya ni kukumbuka chungu cha mama yake. Anaubomoa ugali kwa mikono, anauchemsha kwa maji mengi huku akikoroga mpaka unalainika, anauacha upoe hadi uwe vuguvugu, kisha anatia unga wa kimea cha mtama. Anafunika, anaenda zake. Kesho yake ni togwa.

“Kimea kinakula ugumu wote, kinaacha utamu,” anasema. “Sukari ya nini, na yenyewe haipatikani?”

Anauza bakuli shilingi mbili pembeni mwa soko. Wanywaji wake wakubwa ni vijana wanaotafuta dhahabu, wanaopita hapa kwenda kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, upande wa Bugarama. Majirani waliotoa kiporo hawalipi. Wanaleta kikombe, wanajaziwa, wanaondoka.

Lakini nusura biashara hii ife mwezi wa tano, tena kwa neno moja tu.

Mchimbaji mmoja kutoka Biharamulo, Theonest, alimwona Mageni alfajiri akitoka kwenye nyumba ya watu na sufuria. Kijana huyo ana mdomo, na mwenyewe hakatai. Jua lilipopanda alisimama mbele ya ndoo ya togwa, bakuli mkononi, akapaza sauti: “Jamani, mama huyu anatulisha makombo!”

Watu walimwaga togwa chini. Waliokwisha kunywa wakatema mate. Ndoo ilirudi nyumbani imejaa, na kesho yake ikarudi hivyohivyo. Mumewe Maganga, anayebeba mizigo kwa mkokoteni wa ng'ombe, alimwambia aachane na mambo ya kuaibishana.

“Nililia,” anasema Mageni. “Wala si kwa ajili ya hela tu. Mimi na makombo? Makombo ni kilichobaki kwenye sahani, mtu ameshatia mkono, ameshashiba. Kiporo kimelala kwenye chungu na heshima yake. Mtu mzima hajui tofauti?”

Siku ya tatu alifunga kanga kiunoni, akaenda sokoni na ndoo ileile, akamkabili Theonest mbele ya wenzake. “Wewe mwenye macho ya alfajiri, kesho twende wote. Ukiona sahani hata moja, nivunjie vyungu vyangu.”

Theonest akaenda, kwa ubishi tu.

Nyumba ya kwanza ugali ulikuwa na alama za mwiko bado. Ya pili vivyo hivyo. Kwa Maniben, mama mzee wa duka la nguo, walipewa wali uliobaki sufuriani. Maniben aliposikia kisa, alimtazama kijana juu mpaka chini.

“Makombo? Nyumbani kwangu chakula kilichoguswa na mtu anayekula hakirudi jikoni, sembuse nimpe Mageni! Huyu nimemjua miaka mingi. Wewe nimekujua leo.”

Theonest alianza kuinamisha kichwa. Hata hivyo, kilichommaliza kilikuwa mlango wa mwisho.

Hapo anaishi Bibi Zipora, mjane, peke yake. Macho yake yamepungua nuru, lakini kila jioni hupika mafungu mawili, lake na la mgeni. Mageni alipiga hodi, na kabla hajauliza swali lake, kijana alitangulia kusalimu kwa adabu: “Shikamoo, bibi.”

Bibi akaisikia lafudhi ya mbali.

“Marahaba, mwanangu. Karibu! Umechelewa, lakini fungu lako lipo.”

Akamvutia kigoda. Akamnawisha mikono. Akafunua chungu, akaweka mbele yake ugali wa baridi na bakuli la maziwa ya mgando, akakaa kumtazama anavyokula.

“Ningekataaje?” anasema Theonest, akikwepa macho ya mwandishi. “Nina mwaka wa pili sijafika nyumbani. Tangu nitoke kwetu hakuna aliyeniwekea chakula bila kujua kama nitakuja. Nilimeza tonge na machozi, sifichi.”

Alirudi sokoni akasimama palepale alipotukana. “Nilikosea,” aliwaambia wenzake. “Hiki tunachokunywa si makombo. Ni fungu letu. Wageni ndio sisi.” Kisha akanunua bakuli la kwanza, akalinywa lote bila kupumua, watu wakacheka, foleni ikaanza.

“Na mimi siku ile kwa Bibi Zipora sikupata kitu,” anasema Mageni, akijifuta macho kwa upindo wa kanga, kicheko kikiwa bado mdomoni. “Mgeni alikuja.”

Sasa Maganga ndiye anayemchotea maji, akijifanya anapita tu. Jirani zake watatu wamejifunza kuotesha kimea, na mbwa wa mtaa, anatania Mageni, wamehamia Malunga kutafuta riziki.

Mpango wake ni banda: nguzo nne, paa la nyasi, mabenchi mawili ili watu waache kunywa wamesimama. Theonest ameahidi kuleta miti akirudi kutoka Bugarama, na mume amekubali kuibeba bure. Maniben ametoa ubao.

Ubao huo umeegemezwa ukutani nyumbani kwa Mageni, bado mtupu, ukingoja rangi. Maneno ya kuandika ameshayachagua, na anayatamka polepole kama mtu anayejibu hodi:

“Mgeni amekuja.”